Naomba ushauri: hita ya maji inanimalizia LUKU, nifunge taima au thamostati ya kupanga saa?

MamaPili_Ilazo

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hita za maji ya kuoga.

Tulihamia Dodoma kikazi kutoka Dar, tumepanga huku Ilazo. Dar tulikuwa tunaoga maji ya bomba mwaka mzima bila shida, ila huku Juni ikiingia, ule upepo wa alfajiri si wa mchezo, na mwanangu wa mwisho ana pumu. Maji ya baridi simwogeshi. Bahati nzuri mwenye nyumba alishafunga hita ya lita 50, kilowati 1.5. Tuko watu watano.

Shida ni LUKU. Umeme wa elfu hamsini ulikuwa unatufikisha mwisho wa mwezi, sasa unakata katikati. Hita inashinda inawaka, maana asubuhi kila mtu anakimbizana na kazi na shule, hakuna wa kukumbuka kuzima.

Nimeona mtandaoni thamostati za ukutani zenye kioo, unapanga saa, siku na nyuzijoto. Kuna moja inauzwa Marekani na shemeji yangu anakuja mwezi ujao, anaweza kuniletea. Itafaa? Halafu kuna fundi kaniambia niiache tu iwake siku nzima, eti kuyapasha upya maji yaliyopoa ndiko kunakokula umeme. Ni kweli? Bajeti yangu haizidi laki na nusu. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Kongwa

Mwanangu, jua lote hili la Dodoma unalipia umeme wa kuoga? Weka sola ya maji.

MamaPili_Ilazo

Shikamoo mzee. Ningetamani sana, ila nyumba si yangu, na paa la mtu siwezi kulitoboa. Nikimaliza kujenga Nzuguni nitaweka.

Kaka_Leicester

Dada, mwambie shemeji asinunue. Mimi niko Uingereza na hizo thamostati ninazo ukutani. Kazi yake ni kupasha nyumba: boila ya gesi inachemsha maji, maji yanazunguka kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta, vile vyuma vya kutoa joto, vya kila chumba, na thamostati inapima joto la hewa ya sebuleni. Unapanga, kwa mfano, alfajiri nyuzi 20, mkiwa kazini ishuke, jioni ipande tena, na Jumamosi ratiba yake tofauti. Haijui lolote kuhusu maji yaliyomo ndani ya tangi lako.

Halafu nyingi za Marekani zinatumia volti 24 tu, zinatoa amri kwa mtambo, hazibebi umeme wa kifaa chenyewe. Ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 230 unaiunguza, na moto unaweza kuwaka.

Ila wazo lako la kupanga saa ni zuri kabisa. Nawe unalihitaji, ila kwa kifaa kingine.

FundiUmeme_Nkuhungu

Mama Pili, hapo juu kaka kasema kweli. Ngoja niongeze, maana kazi hii naifanya kila siku.

Kwanza hilo la kuiacha iwake siku nzima, si kweli. Joto la tangi ni maji ndani ya ndoo iliyotoboka: ndoo ikijaa, tundu linavuja kwa kasi, ikipungua, linavuja polepole. Ukishikilia nyuzi 60 saa 24, unapoteza joto kwa kiwango cha juu saa zote 24. Maji yakiachwa yapoe, upotevu nao unapungua. Kuyapasha tena hakuwezi kuzidi kile ulichookoa.

Sasa tufanye hesabu ili usije ukategemea muujiza. Lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 ni takriban yuniti 2.2. Kwa matumizi ya kawaida yuniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na makato, kwa hiyo tangi moja ni karibu shilingi 800. Hayo maji ukiyachanganya na ya baridi unapata ndoo tano za lita 20 za uvuguvugu mzuri. Mkioga watu watano asubuhi na jioni, hizo ni shilingi 1,600 kwa siku, karibu elfu 48 kwa mwezi. Umeme wako mwingi umekwenda huko, kwenye kuoga kwenyewe. Taima inaokoa ule unaopotea tangi likikaa na moto bure, na kwa tangi la lita 50 ni sehemu ndogo ya bili. Funga, inalipa, ila usitarajie bili kukatika nusu.

Halafu nikuulize: ile valvu ndogo ya usalama chini ya hita, kwenye bomba la maji baridi, inadondosha maji?

Binti_wa_Singida

Dada, ukinunua taima usichukue ile ya kuzungusha yenye meno pembeni. Mashine yake inaendeshwa na umeme huohuo, ukikatika saa mbili na yenyewe inasimama saa mbili. Kwetu ilifika mahali hita inawaka sisi tukiwa tumeshaondoka. Chukua ya dijitali yenye betri ndani, umeme ukirudi saa yake iko palepale.

Na umsimamie fundi wakati wa kupanga. Saa kumi alfajiri andika 04:00. Kuna jirani yangu aliwekewa 10:00, wakaoga maji ya baridi wakidhani hita imekufa.

MamaPili_Ilazo

Asante sana dada. Fundi, nimetoka kuangalia: inadondosha. Chini kuna alama nyeupe ukutani. Nilijua ni kawaida.

FundiUmeme_Nkuhungu

Matone machache wakati hita inapasha ni kawaida, maji yakipata moto yanatanuka. Zima hita, subiri yapoe, uangalie tena. Kama bado inadondosha, ama valvu imekwisha, ama presha ya bomba ni kubwa. Maji yanapotea bure. Hiyo irekebishwe kabla hujanunua chochote.

Huo weupe ni chumvi ya maji yetu. Maji mengi ya Dodoma ni ya visima na yana chokaa, na ndani ya hita hiyo chokaa inaganda kwenye elementi, kile chuma kinachopasha maji. Ukoko ukiwa mnene joto halipiti vizuri, elementi inajichoma yenyewe. Niliwahi kufungua hita Kisasa, elementi ilikuwa imenenepa kama gunzi la mahindi. Fungueni angalau mara moja kwa mwaka, fundi aisafishe na aangalie fito ya magnesiamu, hiyo ndiyo inayoliwa na kutu badala ya tangi.

Thamostati unayo tayari, iko ndani ya hita chini ya kifuniko. Usifungue mwenyewe. Fundi azime breka kwanza, halafu aiweke nyuzi 60. Wengi wanaikuta 75, na moto wa namna hiyo ndio unaogandisha chokaa haraka. Usishuke 45 pia ukidhani unabana matumizi, vijidudu vya maji vinapenda joto hilo, na una mtoto mwenye pumu.

Taima: ya dijitali, ya wiki nzima, yenye betri, iliyoandikwa ampea 16. Hita yako inavuta 6.5 tu, lakini kipuri kinachofanya kazi chini ya uwezo wake kinadumu. Ifungwe kwenye boksi la breka. Zile za kuchomeka kwenye soketi ziache, na hakikisha waya wa ethi upo kweli, si wa kuonekana tu. Bajeti inatosha.

Kwa kilowati 1.5 maji yanachukua kama saa moja na nusu. Mnaoga saa ngapi?

MamaPili_Ilazo

Kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jioni saa mbili. Jumamosi na Jumapili tunaamka saa moja.

FundiUmeme_Nkuhungu

Jumatatu hadi Ijumaa 04:00 hadi 05:45, jioni 18:15 hadi 20:00. Jumamosi na Jumapili asubuhi 05:30 hadi 07:15. Oktoba joto likirudi, jaribu kuondoa ya jioni.

MamaPili_Ilazo

Nimeandika yote. Kesho naongea na mwenye nyumba kuhusu valvu, taima naitafuta Jumamosi. Shemeji nimeshamwambia asinunue.