Brekhunov alimlalia Nikita kwenye theluji. Je, deni lake limefutika?

KaraniWaMishahara aliuliza:

Wakuu, salaam. Nimemaliza "Bwana na Mtumishi", hadithi ya mwandishi Mrusi Tolstoy, ile ya 1895, na nimebaki na hasira ambayo wenzangu ofisini hawaielewi. Kazi yangu ni kulipa watu mishahara, kwa hiyo hata hadithi naisoma kwa jicho la daftari. Mnivumilie.

Kwa ambaye hajaisoma: Vasily Andreich Brekhunov ni mfanyabiashara wa kijijini, tena mzee wa kanisa. Anataka kuwahi kununua msitu kabla washindani hawajafika. Anachota rubli 700 zake, anajazia na 2,300 za kanisa alizokabidhiwa azitunze, anaondoka na mtumishi wake Nikita kwenye sleji (gari la kuteleza juu ya theluji, linalovutwa na farasi) huku tufani ya theluji ikianza. Wanapotea, wanatokea kijiji cha Grishkino. Wanapotea tena, wanajikuta Grishkino ileile. Wanaombwa walale, tajiri anakataa, biashara haingoji. Usiku wanakwama korongoni. Brekhunov anapanda farasi na kumwacha Nikita, akijiambia kwamba mtu kama yule akifa hapotezi kitu. Farasi anazunguka na kumrudisha palepale. Ndipo anafungua koti lake la manyoya, anamlalia Nikita aliyeanza kuganda, anampa joto lake mpaka yeye mwenyewe anakufa. Nikita anapona.

Kila ninayemsimulia anasema, "Toba ya kweli hiyo." Mimi naona hesabu. Mfanyakazi wa aina ya Nikita alistahili rubli 80 kwa mwaka. Alikuwa anapewa kama 40, kidogo kidogo, na sehemu kubwa si pesa bali bidhaa za duka la tajiri huyohuyo kwa bei ya juu. Kabla ya sikukuu mkewe, Marfa, alikuja akapewa unga, chai, sukari, pombe kidogo na rubli tano taslimu. Akashukuru! Ilhali wanadai 20 kwa uchache. Na tajiri anaamini kabisa moyoni kwamba yeye ndiye mfadhili wao.

Sasa niambieni: usiku mmoja wa kumlalia mtu unafuta miaka yote ya kumnyonya?

Mpigasoga:

Dada, mtu kafa. Unataka na risiti?

UstadhWaJioni:

Mpigasoga, acha utani, swali ni zito. Kwetu Waislamu hiyo inaitwa haki ya mja. Unaweza kuomba toba kwa Mola usiku kucha, lakini ujira wa mtu uliouzuia unabaki mpaka umlipe au akusamehe mwenyewe.

Ndiyo maana mimi hainishiki sana sehemu ya kulalia. Rudi nyuma kidogo. Nikita anahisi anakufa. Anasema anachodai apewe mwanawe, au mkewe, yote sawa. Halafu anaongeza: nisamehe, kwa ajili ya Kristo. Umeona hapo? Anayedai ndiye anayemwomba msamaha anayedaiwa. Brekhunov anasimama kimya kama nusu dakika, na Tolstoy, ambaye kwa kawaida hutuingiza mpaka ndani ya fikra za watu wake, hapa hatuambii yule bwana aliwaza nini. Kisha anarudi nyuma hatua moja, anakunja mikono ya koti na kuanza kumfukua Nikita, kwa ari ileile aliyokuwa akipigia mkono wa muuzaji anapopata bei nzuri.

Kwangu mimi deni lilisamehewa kabla hajalala pale. Aliyelisamehe ni Nikita, na hakutumia hata neno la deni.

MamaZamu:

Ustadh umesema vizuri, ila mmemfanya Brekhunov msafi mno. Nafanya zamu za usiku wodini. Nimeona ndugu wa mgonjwa wanaoanza kumkanda miguu, kumgeuza, kumfunika, kwa sababu wao wenyewe wana hofu na hawawezi kukaa bure. Mgonjwa anafaidika vilevile. Brekhunov karudi pale akiwa ametetemeka kwa woga, anatafuta shughuli ya mikono. Hata akishalala juu ya Nikita, maneno yake ya kwanza ni majigambo yaleyale ya dukani: ona, sisi ndivyo tulivyo... Hapo sauti inakatika, taya linatetemeka, machozi yanamtoka, na anashangaa kwamba udhaifu ule unampa furaha.

Karani, wewe wa hesabu umeruka mishumaa! Akiwa peke yake gizani anamwomba Mtakatifu Nikola, anaikumbuka sanamu yake kanisani na mishumaa aliyokuwa akiwauzia waumini. Ilikuwa inarudishwa kwake haijaungua sana, naye anaiweka tena kwenye sanduku. Anaona wazi kwamba mishumaa, padri na ibada zote zina kazi yake kule kanisani, lakini hapa kwenye theluji haziwezi kumfanyia lolote. Kwangu hapo ndipo swali la hadithi lilipo: dini ya huyu mtu ikishapukutika, kinabaki nini? Kumbe kinabaki kiwiliwili chenye joto na koti kubwa. Kidogo sana, lakini Nikita alihitaji hicho.

KaraniWaMishahara:

MamaZamu, mishumaa niliiona, nikaiandika upande wa wizi. Lakini hilo la hofu nimelipenda, linanisaidia kumvumilia kuliko habari za mtakatifu wa ghafla.

Ustadh, nusu dakika yako naikubali. Ila msamaha wa Nikita haujazi debe la unga nyumbani kwa Marfa. Na tazama mwisho: anapozinduka na kujua bado yuko duniani anasikitika kuliko kufurahi, hasa alipoona vidole vya miguu vimeganda. Anaishi miaka ishirini mingine akiwa kibarua, uzeeni mlinzi. Hakuna aliyemuuliza kama anautaka uhai huo.

MamaZamu:

Basi soma "Alyosha Chungu", ya Tolstoy pia, 1905, kurasa chache tu. Kijana anatumwa usiku na mchana na hasemi "hapana". Baba yake ndiye anayekuja kuchukua mshahara wake.

KaraniWaMishahara:

Naisoma leo. Baba huyo nimeshamchukia tayari.