Mzigo wetu wa chenga za plastiki umezuiwa mpakani, wanasema ni taka. Tuanzie wapi?

MamaNjoro
Wakuu, salaam. Niko Moshi, tuna kikundi cha kina mama. Tunanunua chupa za maji kwa vijana wanaookota, tunazichambua, tunazibandua lebo, tunaziosha na kuzisaga kuwa chenga. Mnunuzi wetu ana kiwanda nchi jirani, humu humu ndani ya Jumuiya.

Mzigo wa mwisho umekwama. Afisa wa upande wa pili alichoma bambo kwenye gunia, akamimina chenga kiganjani, akanionyesha vipande vya bluu vya vifuniko. Akasema hizi ni taka na taka haziingii. Cheti cha uasili wa bidhaa tulikuwa nacho, hakukitazama. Gari limerudi na mzigo wake na mwenye gari anadai hela yake. Mnunuzi naye anasema tukichelewa ataagiza kwingine.

Mmoja ananiambia nifungue kesi Mahakama ya Afrika Mashariki hapo Arusha, mwingine anasema suala hili ni la WTO, Shirika la Biashara Duniani. Naombeni ushauri, kina mama wa kikundi wananidai majibu na mimi sina.

Kijana wa Himo
Pole sana mama. Nafanya kazi za forodha. Swali la kwanza: ulipewa barua au fomu yoyote ya kukataliwa?

MamaNjoro
Hapana mwanangu. Maneno ya mdomo tu.

Kijana wa Himo
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Mwambie wakala wako aandike kuomba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha sheria kilichotumika. Bila karatasi hiyo kila ofisi utakayoingia itakuuliza ulikataliwa na nani.

Halafu angalia namba ya forodha mliyoandika, ile ya kuainisha aina ya bidhaa. Mabaki ya plastiki yako 3915, na jina lenyewe la kundi hilo linataja taka. Afisa akiiona anaona taka. Lakini maelezo ya sura ya 39 yanasema mabaki ya plastiki ya aina moja yakishageuzwa kuwa malighafi, zikiwemo chenga, hayakai tena 3915. PET, yaani plastiki ya chupa za maji, huenda 3907. Una hoja hapo, ila vile vipande vya bluu vinakuharibia, kwa sababu vifuniko si PET. Mzigo wenye plastiki mbili hauwezi kudai kuwa wa aina moja. Vifuniko vitolewe kabla ya kusaga, au chenga ziloweshwe kwenye pipa la maji: PET inazama, vifuniko vinaelea.

WakiliKaloleni
Dada, pole. Naandika kutoka Arusha.

WTO iondoe kichwani. Kule zinashtakiana serikali, mfanyabiashara hana mlango. Ila kuna kesi ya kule inayokuhusu kwa hoja. Brazil ilizuia kuingiza tairi zilizovishwa mpira upya, kwa sababu tairi chakavu hukaa maji ya mvua na kuzalisha mbu wa dengi, na zikiungua moshi wake ni sumu. Umoja wa Ulaya ukaishtaki mwaka 2005. Desemba 2007 Baraza la Rufaa likakubali kwamba nchi inaweza kuweka zuio la namna hiyo kulinda afya. Brazil ilishindwa mahali pengine: ilikuwa inaziruhusu tairi za majirani zake wa Mercosur, jumuiya ya biashara ya Amerika Kusini, na mahakama zake za ndani zikawa zinatoa amri za kuruhusu tairi chakavu kutoka nje. Zuio halikuwa sawa kwa wote.

Kwa hiyo mnunuzi wako akuambie: chenga kama zako, kutoka kwa wasagaji wa kwao au nchi nyingine, zinaingia kiwandani kwake? Kama zinaingia, hiyo ndiyo hoja yako nzito.

MamaNjoro
Wakili, zinaingia. Ananunua kwao kila wiki, na hata zile zenye vifuniko. Na ile mahakama ya hapo Arusha?

WakiliKaloleni
Kule mtu binafsi au kampuni anaruhusiwa, kwa ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya, na huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nchi. British American Tobacco Uganda walikwenda kupinga ushuru wa Uganda uliozihesabu sigara za Kenya kama bidhaa za nje ya Jumuiya, wakashinda 2019. Lakini saa inakimbia: miezi miwili tangu kitendo kitokee au ukijue. Mahakama ile haiongezi muda, na mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa kilikataa hoja kwamba kosa linaloendelea lina muda wake mpya. Usikae kusubiri barua mpaka muda ukuishie. Andika tarehe ya zuio leo.

Mwenye Duka la Mitumba
Mimi naongeza uzoefu wa sisi wa nguo. 2016 wakuu wa Jumuiya walikubaliana kupunguza mitumba hadi kuiondoa kufikia 2019. Wamarekani wakalalamika kwa njia ya AGOA, sheria yao ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye msamaha wa ushuru wa Marekani. Funzo ni kwamba mambo haya huamuliwa serikali kwa serikali. Mama, usimwache nje ofisa wa wizara ya biashara, malalamiko yako yaandikwe kama kikwazo kisicho cha kiforodha, yaani kizuizi cha biashara kisicho ushuru. Kuna mfumo wa mtandaoni wa kuyapeleka, tradebarriers.org, na nchi husika hutakiwa kujibu.

MamaNjoro
Asanteni sana, nimepata pa kushika. Nina hofu moja: nikilalamika rasmi, mnunuzi hatanikimbia?

Kijana wa Himo
Mshirikishe. Yeye ndiye mwagizaji, barua yake ina uzito upande wa kule. Na muulize Baraza la Mazingira, NEMC, kama mzigo wako unahitaji kibali. Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu kusafirisha taka kati ya nchi, unataka idhini ya nchi inayopokea kwa plastiki chafu au iliyochanganyika ovyo. Safi ya aina moja inayokwenda kuchakatwa haimo, na PET na vifuniko vikichanganyika bado vinaruhusiwa endapo kila aina itachakatwa peke yake. Lebo za PVC, plastiki nyingine isiyo kwenye ruhusa hiyo, ndizo hatari, zikibaki humo zikachafua mzigo afisa anaweza kukurudisha.

WakiliKaloleni
Barua iwe fupi: tarehe, mpaka, namba ya tamko la forodha, namba ya cheti cha uasili, picha za magunia, maneno ya afisa kama alivyoyasema, na sentensi moja kwamba chenga kama hizo za kwao zinauzwa huko bila kuzuiwa. Nakala kwa wizara, nakala kwa Sekretarieti ya Jumuiya. Nitumie rasimu ujumbe wa faragha, nitaisoma bure.