Baba amefariki, baba mdogo anasema nyumba yote ni yake

Binti wa Magomeni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naombeni msaada, usingizi umenipotea.

Baba yangu na mdogo wake walinunua nyumba Magomeni mwaka 1989, vyumba sita na ua, kila mmoja akatoa nusu ya pesa. Hati ina majina yao wote wawili. Baba alishika vyumba vya kushoto mwa korido, baba mdogo vya kulia, na hapakuwahi kutokea neno. Baba akafariki 2021. Hata arobaini haijaisha, baba mdogo akamwambia mama kodi za wapangaji atakusanya yeye "zisije zikapotea". Tukanyamaza, ni mkubwa wetu. Mpaka leo mama hajaona hata shilingi.

Jumamosi amekuja dalali na mteja. Mama alikuwa anaanua nguo, akawaona wanahesabu hatua uani, kutoka mlango wa jikoni hadi chooni. Kuuliza, anaambiwa nyumba inauzwa. Baba mdogo anasema walinunua kindugu, mmoja akifa aliyebaki ndiye mwenye nyumba. Tuko watoto watatu, kaka, mimi na mdogo wangu wa kike. Mirathi hatukufungua. Hati yenyewe anayo yeye, sisi tuna kivuli tu, mama amekihifadhi ndani ya msahafu. Kweli hatuna chetu?

Karani Mstaafu
Pole sana binti yangu. Kisomeni hicho kivuli neno kwa neno. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua umiliki wa pamoja wa namna mbili. Kuna ule ambao mmoja akifa, haki yake inahamia kwa aliyebaki. Na kuna ule ambao kila mmoja ana fungu lake, akifa linaingia kwenye mirathi yake. Baba yenu mdogo anazungumza kama vile upo huo wa kwanza tu.

Halafu fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo. Bila msimamizi hakuna kati yenu anayeweza kudai mahakamani kwa niaba ya marehemu, hata kodi hizo. Chukueni cheti cha kifo, kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari. Baba mdogo akisusa kikao, msimsubiri.

Ustadhi Tanga
Bibi na babu wazaa baba wapo hai? Hilo linabadilisha hesabu, maana mzazi wa marehemu ana sudusi yake, yaani moja ya sita. Kama walitangulia, nusu ya baba inagawanywa hivi: mama thumni, yaani 4 katika 32, kaka 14, nyinyi mabinti 7 kila mmoja. Baba mdogo hapati kitu humo, mtoto wa kiume anamzuia. Mngekuwa mabinti watupu, angeingia kwenye kilichobaki. Watu wengi hawalijui hili, wanagombana bure.

Mama Wawili
Dada, mirathi inachukua muda na dalali hasubiri. Nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio. Sisi tulichelewa, mnunuzi akaja na mafundi kubomoa ukuta tukiwa bado tunatafuta cheti cha kifo.

Binti wa Magomeni
Mungu awalipe. Ustadhi, babu na bibi walishatangulia zamani, kabla ya baba. Nimekitoa kivuli, kimekunjwa mara nne na wino umefifia kwenye mikunjo, lakini kwa tochi ya simu kinasomeka. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kila mmoja ana nusu yake. Nimemsomea mama mara mbili, akajifunika khanga usoni akalia.

Kaka anatoka Dodoma na basi la kesho. Jumatatu asubuhi tunaanza na zuio, kisha mahakamani. Ila Jumapili baada ya Alasiri tutakwenda wote watatu kwa baba mdogo tumwambie wenyewe. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba. Sitaki asikie kwa dalali.