Mshahara haujatoka, mnatuletea mhamasishaji? Mabosi mnatuonaje lakini?

Wakuu habari za majukumu. Mods wa jukwaa naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa ajira, acheni ukae peke yake maana leo nisipoandika nitapasuka.

Nipo kampuni moja hapa Dar inaagiza vipuri vya magari na matairi, inauza jumla na ina matawi mikoani. Jina siliweki, hako kamshahara bado nakahitaji hata kama kanakuja kwa mafungu. Mnaoagiza mizigo mnajua tulikopita. Dola ziliadimika kuanzia 2023, unaenda benki na shilingi zako mkononi unaambiwa subiri foleni, 2024 dola moja ikavuka shilingi 2,600. Kontena limefika bandarini ila aliyetuuzia kule nje hajamaliziwa hela yake kwa hiyo nyaraka haachii, siku zinakatika, tozo za kuhifadhi mzigo zinapanda, siku mnalitoa faida ishaliwa yote. Hayo tunayaelewa sisi wote mpaka mlinzi wa getini. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyewahi kumuuliza bosi kwa nini dola imepanda, na hata sasa hivi hasira zangu haziko huko kabisa.

Hasira zangu ni namna walivyotufanya. Mshahara ulikuwa unaingia tarehe 25, ukaanza kuingia tarehe 5, halafu 12, halafu ukaanza kuja nusu, na muda wote huo hakuna binadamu aliyesimama mbele yetu akasema jamani hali ni hii. Ukienda uhasibu unaambiwa muone HR, yaani afisa rasilimali watu, HR anakwambia mkurugenzi kasafiri, mkurugenzi ukikutana naye kwenye ngazi anakuuliza "vipi kijana, kazi zinaendaje?" anapita zake. Taarifa za kampuni tukawa tunazipata kwa dereva wa bosi na kwa dada anayepika chai. Na dereva hakuwahi kutudanganya, huo ndio ukweli mchungu.

Sasa mtu akisikia mshahara umechelewa wiki mbili anaona kitu kidogo. Njoo uone kwa kijana wa kupakia mizigo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mtoto karudishwa shule, nauli ya kuja hapo kazini kila asubuhi hiyo hiyo, anaenda kukopa kausha damu ambayo riba yake wote mnaijua, mshahara ukija nusu unaishia kwa mkopeshaji yeye anabaki na sifuri na mwezi mpya unaanza. Nyie mliopo juu mna akiba, mna magari ya ofisi, mna mafuta ya ofisi. Na bado hela ikipatikana kidogo wanalipwa mameneja kwanza!! Hivi hata hiyo ya kuanzia na wa chini inahitaji dola? Inahitaji benki?

Tukasikia kuna kikao Jumamosi, wote tuhudhurie, tukajua sasa leo tunaambiwa ukweli. Kufika tunakuta ukumbi wa hoteli umepambwa, tisheti mpya zimeandikwa SISI NI FAMILIA MOJA, na jamaa mmoja ana maiki sikioni anatuambia tusimame, tumgeukie jirani, tumwambie "mimi ni mshindi". Saa nzima ni mtazamo, mtazamo, badilisha mtazamo. Mzee wetu wa stoo, mtu mzima wa heshima zake, akanyoosha mkono akasema "Mwanangu, hayo yote sawa, ila mshahara unatoka lini?" Jamaa akacheka akamjibu "Mzee wangu, huo ndio mtazamo tuliokuja kuubadilisha leo." Aisee ukumbi ulicheka, ila kile kicheko hakikuwa kizuri. Bajeti yao siijui, lakini ukumbi, pilau ya watu wote, tisheti na maiki ya yule bwana havikuja bure, na hiyo hela wengine tungepewa tu hata ya nauli tungeshukuru.

Familia moja wakati wiki ile ile imeshushwa gari la V8 jipya la bei mbaya pale uani. Haya.

Halafu likaja la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwenzetu mmoja alikuwa anafuatilia mafao ya uzazi, kuangalia michango yake anakuta mapengo. Wote tukakimbilia kuangalia ya kwetu, mapengo matupu. Kwenye karatasi ya mshahara asilimia yangu 10 imekatwa vizuri kabisa kila mwezi, kule haijafika, na ile ya mwajiri inayokamilisha 20 ndio usiseme. Wakuu hii siyo hela ya kampuni, hii ni yangu, imeshatoka mfukoni kwangu! Kuchelewa mshahara naweza kusema biashara ngumu, lakini hii ni kuchukua cha mtu halafu unamvalisha tisheti. Siku ile ndio watu walikata tamaa kabisa, siyo dola.

Sasa hivi pale ni mgomo baridi mtupu na mabosi wanashangaa mauzo yanashuka kwa nini. Mteja anakuja kaunta anaulizia brekpedi za Noah, kijana anajibu "zimeisha" hata hajanyanyuka, na zipo, mimi naziona hapo nyuma yake. Wauzaji wetu wakali ndio walikuwa wa kwanza kusepa, wako kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani kwa washindani na wateja wamewafuata huko huko, maana mteja wa vipuri anamfuata mtu anayejua gari lake. Tuliobaki ni wenye mikopo ya benki na wenye umri ambao hakuna wa kutuajiri tena. Yaani bonge la timu.

Msiniambie hakuna namna nyingine. Kenya Airways 2020 ndege zimelala chini kwa ajili ya korona, mkurugenzi wao alitangaza anajikata mshahara asilimia 80, viongozi wenzake 75, wafanyakazi waliobaki kati ya 25 na 50. Baadaye walipunguza watu vile vile, sisemi ilikuwa peponi, ila mtu alijua anakatwa kiasi gani na aliona wa juu kaanza yeye kuumia. Sisi tungeambiwa tu kontena zilizokwama ni ngapi, deni ni kiasi gani, tutalipana nusu mpaka mwezi fulani, wallahi watu wangekaza. Tungekubali hata kuja kwa zamu kupunguza nauli. Hakuna aliyetuuliza.

Na sasa kuna fununu kwamba orodha ya kupunguzwa ipo tayari, eti imepangwa na HR na meneja wetu, wao wawili tu wakiwa wamejifungia. Nimesoma kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema, aseme sababu, ashauriane nasi namna ya kuepusha hilo, vigezo vya kuchagua nani aende, na malipo. Siyo unakuta barua mezani Ijumaa jioni. Na kiinua mgongo chenyewe kifungu cha 42 kinasema angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kwa hiyo yule mzee wa stoo na utumishi wake wote ule hesabu ya sheria inagota siku 70. Siku 70! Na hizo nazo atazidai kwa hawa hawa.

Naomba msaada kwa wanasheria na waliowahi kupita CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Zile siku 60 za kupeleka mgogoro usio wa kuachishwa kazi zinahesabiwaje kwa mshahara unaolipwa nusu nusu, kila mwezi na hesabu yake au toka walipoanza kuchelewesha? Sisi pale tawi la chama cha wafanyakazi hatuna, je tunaweza kuchagua wawakilishi wetu wenyewe tukadai hayo mashauriano ya kifungu cha 38, au watatuambia hatutambuliki? Na NSSF wakipokea malalamiko wanataja jina la aliyelalamika kwa mwajiri au linabaki siri? Aliyefanya kweli ndio anijibu, siyo wa kusikia kwa shemeji yake. Na wewe unayekuja na "acha kazi ukalime matikiti" naomba uzi huu upite kimya kimya.