Tupeane uzoefu: ombi limetumwa, hakuna anayesubiri jibu

Kyela–Mbeya
Wakuu, poleni na baridi. Nimekabidhiwa mfumo wa maghala ya mpunga, umejaa fetch (amri ya kutuma ombi kwa seva) zisizo na await. Kijana niliyempokea kazi anaamini bila await ombi haliendi. Kwenye JavaScript linaenda. Ukishaita fetch limeondoka. Await ni ya kungoja jibu. Balaa ni kwamba mtandao ukikatika, try/catch (mtego wa hitilafu) haidaki kitu, kodi imeshapita hapo. Karani anaona "Imehifadhiwa" ya kijani, magunia hayamo kwenye hesabu. (Hata ukiweka await, seva ikijibu 500, yaani imefeli yenyewe, fetch hairushi hitilafu. Kagua ok ya jibu.) Wenzangu mmekutana na nini?

Fundi Mafinga
Kwetu ni mbao. Seva ilikuwa Node 14 (Node ndiyo inaendesha JavaScript kwenye seva), hitilafu zisizodakwa zikawa zinaishia kuwa onyo kwenye logi ambayo hakuna anayeisoma. Tukahamia 18, mfumo ukawa unazima ovyo. Tangu toleo la 15, la mwaka 2020, ahadi (promise, kazi ambayo jibu lake linakuja baadaye) ikivunjika bila kudakwa inaangusha mchakato mzima. Chanzo kilikuwa SMS za madereva wa malori, hazina await wala .catch. Bosi akalaumu Node mpya! Kumbe SMS zilikuwa zinafeli siku zote.

Parachichi
Kamwene. Njombe hapa. Afisa ugani anabonyeza "Wasilisha", ukurasa unahama palepale, brauza inakata ombi likiwa njiani. Ofisini hatukuliona hilo hata siku moja. Mtandao wa vijijini ndio uliolifichua. Tuliweka keepalive: true kwenye fetch ili ombi limalizike hata ukurasa ukihama, ila mwisho wake ni kilobaiti 64, picha za matunda hazipiti. Sasa ukurasa hauhami mpaka jibu lirudi.

Kyela–Mbeya
sendBeacon je, ile ya kutuma data ndogo ukurasa unapofungwa?

Parachichi
Kikomo hichohicho, na jibu hulisomi. Kuhesabu wageni wa tovuti sawa. Uzito wa mzigo wa mkulima, hapana.

Ndaga
Wa Python tuko tofauti. Ukiita post ya httpx.AsyncClient (maktaba ya kutuma maombi) bila await, hakitumwi chochote, unaambulia onyo tu. Ukitumia asyncio.create_task kazi inaanza, lakini iweke kwenye seti mpaka imalize. Usipoishikilia, Python inaweza kuifuta kwenye kumbukumbu katikati ya kazi.

Gangilonga
Ya Iringa ilitusumbua kuliko zote. Ripoti za mauzo ya usiku zilikuwa zinaingia asubuhi, dakika ileile mtu wa kwanza anapofungua mfumo. Tulishuku saa ya seva, tukashuku benki. Kumbe tuko Lambda, huduma ya AWS inayoendesha kodi pale tu ombi linapokuja: ikisharudisha jibu, mazingira yanagandishwa, na ombi lisilosubiriwa linaganda nayo. Mteja mwingine akija linaweza kuendelea. Asipokuja, ndiyo basi. Tulihamishia kwenye foleni ya SQS, ujumbe unakaa hapo mpaka ushughulikiwe.

Kyela–Mbeya
Mimi nafikiria jedwali la Postgres (hifadhidata), mchakato wa pembeni uwe unasoma na kutuma.

Gangilonga
Kwa maghala yako linatosha, mkuu. Weka na safu ya idadi ya majaribio.