Serikali ya mseto: Kusini tutanufaika au tutauzwa?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, juzi tukiwa tunasubiri matokeo ya mnada wa korosho kwenye ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, mzee mmoja ninayemheshimu sana alitoa hoja ambayo haijanitoka kichwani. Alisema serikali ya mseto, yaani ya vyama zaidi ya kimoja, ni kelele tupu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mkulima wa korosho anahitaji chama kimoja chenye wabunge wengi ili mambo yaamuliwe upesi.

Mzee wangu, shikamoo yangu iko palepale, ila kwa hili tumepishana.

Upesi huo tuliuonja 2018. Sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuliendeleza zao lenyewe. Muswada wa fedha wa mwaka ule ukataka fedha yote iingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wetu wakasimama, wa CUF na wa CCM. Hawa Ghasia, aliyekuwa mbunge wa Mtwara Vijijini na mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Haikusaidia kitu. Sheria ikabadilishwa, na huku mashambani tukabaki kuuliza salfa ya kupulizia mikorosho itatoka wapi. Serikali ambayo haianguki hata wabunge wote wa Kusini wakiikataa itatusikiliza kwa hofu ya nini?

Sasa tazama Afrika Kusini. Uchaguzi wa Mei 2024 ulikipa chama tawala, ANC, viti 159 kati ya 400 vya Bunge, kikalazimika kutawala pamoja na chama cha DA chenye viti 87 na vyama vingine vidogo. Februari 2025 Wizara ya Fedha ilitaka kupandisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwao ni asilimia 15. DA ikakataa, hotuba ya bajeti ikaahirishwa. Likaletwa pendekezo dogo zaidi, mvutano ukafika mpaka mahakamani, na Aprili nyongeza ikafutwa kabla ya kuanza kutumika Mei 1. Kelele zilikuwepo, tena nyingi. Lakini muuza nyanya wa kule hakupandishiwa kodi, na serikali haikuanguka. Mzee wangu, kelele za namna hiyo nazitamani.

Hofu yangu mimi iko kwingine kabisa. Iko kwenye mseto unaopikwa na viongozi baada ya kura kuhesabiwa. Majirani zetu Wakenya wanakwenda kwenye uchaguzi wa Agosti 2027, na waliompigia kura Raila Odinga 2022 ili kumzuia William Ruto walishuhudia watu wa ODM, chama cha Raila, wakiapishwa kuwa mawaziri wa Ruto mwaka 2024, kisha mkataba wa ushirikiano ukasainiwa Machi 2025 wakati ushirika umeshaanza. Sisemi mkataba ule ni mbaya. Nasema mpiga kura aliuona ukiwa tayari mezani.

Na sisi tuna kidonda chetu. UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani wa 2015, ilituletea wabunge wa upinzani Mtwara Mjini, Tandahimba, Ndanda, Mchinga, Liwale na Kilwa. Tulicheza ngoma mpaka asubuhi. Haikupita miaka mingi CUF ikagawanyika, wa upande wa mwenyekiti Lipumba na wa upande wa katibu mkuu Maalim Seif, na wabunge wetu nao wakagawana pande. Mbunge wa Liwale akahamia CCM 2018, wa Ndanda akafuata baadaye. Tuliunganishwa na hamu ya kuwatoa waliopo. Kuhusu korosho, gesi au bandari hakuna aliyesaini lolote na sisi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kabla ya uchaguzi ujao wa wabunge, vyama vinavyotaka kushirikiana vije na sharti la Kusini lililoandikwa. Fungu la ushuru wa korosho lirudi kwa sheria, la sivyo hakuna kura yetu kwenye bajeti. Lisomwe hadharani Newala, Masasi, Nachingwea, kila kijiji kilicho na chama cha msingi. Lisainiwe na vyama, si na mbunge peke yake, maana Katiba yetu inamvua ubunge anayepoteza uanachama wa chama chake. Mbunge mmoja mmoja hawezi kutubebea mzigo huu.

Wanaosema mseto haumo katika Katiba wasome ibara ya 51. Inaeleza kuwa kama hakuna chama chenye wabunge wengi zaidi, Waziri Mkuu atakuwa mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Mlango upo.

Walionitangulia kwa umri wanisahihishe, hasa wa Liwale na Ndanda: mbunge wenu alipohama, kuna aliyewaita kuwauliza? Na sharti hilo la korosho, mngeliongezea nini?