Cleveland Browns: miaka 26 ya kuchagua makwotabeki na kuwatupa kabla hawajaiva

Ndugu wanajukwaa, hasa ninyi mnaofuatilia mpira wa Marekani kwa karibu, naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu nimenyamaza misimu mingi na sasa uvumilivu umefika mwisho. Mimi ni shabiki wa Cleveland Browns. Naishi Akron, Ohio, mwendo usiofika saa moja kwa gari hadi uwanjani, na tangu nilipohamia huku mwaka 2008 nimeifuata timu hii kwa fedha yangu na kwa Jumapili zangu. Kila mwaka ukifika mwezi wa nne, drafti ya wachezaji kutoka vyuo vikuu inapofanyika, watu hubishana kama safari hii tumempata kijana sahihi au tumekosea tena. Mimi nasema mjadala huo wote umekaa upande. Vijana tumewahi kuwapata. Shida ni kwamba wanaowachagua hawadumu kazini, na wanaokuja baada yao hawataki kulea mtoto wa mwenzao.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na jezi namba 2 ya kwotabeki Tim Couch iliyotundikwa kwenye dirisha la jengo moja katikati ya Cleveland. Jina la Couch lilikuwa limekatwa, na chini yake vikabandikwa vipande vya utepe vyenye majina ya makwotabeki (wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi) waliomfuata, mmoja baada ya mwingine, hadi orodha ikateremka mgongo mzima kuelekea pindo. Nilisimama mbele yake siku moja nikayasoma majina yote, na yapo ambayo nilikuwa nimeshayasahau ingawa nililipa kiingilio kuwaona wenyewe wakicheza. Tangu timu ilipofufuliwa mwaka 1999, baada ya ile ya awali kuhamishiwa Baltimore, wachezaji walioanza mechi katika nafasi hiyo wamepita 40. Jirani zetu, timu ya Pittsburgh, tangu 1969 hadi 2025, wamekuwa na makocha wakuu watatu tu. Tafadhali yawekeni mambo hayo mawili pamoja kabla hamjanieleza habari za bahati mbaya.

Tuanze na Couch mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyetendewa vibaya kwanza na kosa alilotendewa limekuwa likirudiwa kwa wengine wote. Alichaguliwa namba 1, yaani wa kwanza kabisa katika drafti, mwaka 1999. Timu ilikuwa mpya kabisa, imeokotezwa kutoka kwa wachezaji ambao timu nyingine hazikuwahitaji, na mpango ulikuwa akae benchi ajifunze nyuma ya Ty Detmer. Mechi ya kwanza tulifungwa 43–0 na Pittsburgh, hofu ikaingia ofisini, na wiki iliyofuata kijana akawa ndiye anayeanza. Msimu ule aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 56. Kwotabeki ana sekunde mbili au tatu za kutazama ulinzi wa wapinzani na kuamua mpira uende wapi. Ukimzoesha kijana wa miaka 22 kwamba sekunde hizo hazipo, ataanza kutazama miguu ya wanaomkimbilia badala ya kutazama wenzake walioachwa wazi. Hata hivyo, mwaka 2002 alitusaidia kufika hatua ya mtoano, akavunjika mguu katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Baada ya msimu wa 2003 ndoto ikawa imekwisha. Kocha aliyempokea alikuwa ameshafukuzwa zamani, baada ya miaka miwili tu.

Waliofuata nitawapitia haraka, maana hasira haitoshi kwa kila mmoja. Brady Quinn mwaka 2007, Brandon Weeden mwaka 2012, Johnny Manziel mwaka 2014, na wote watatu walichaguliwa namba 22. Weeden alikuwa na miaka 28 siku anachaguliwa, umri ambao kwotabeki mwingine ameshamaliza mkataba wake wa kwanza na anaelekea wa pili. Lakini tazameni kilichompata: kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha, kocha na meneja mkuu waliomleta walifukuzwa kwa siku moja, akakabidhiwa kwa watu ambao hawakumchagua na hawakuwa na sababu yoyote ya kutaka afaulu. Kocha mpya naye alifukuzwa baada ya msimu mmoja. Quinn naye alichaguliwa na uongozi mmoja na kuuzwa na mwingine. Manziel sitamtetea, kwa sababu alijiharibia mwenyewe, ila hata yeye alichaguliwa na meneja mkuu aliyefukuzwa Januari 2016.

Mwaka huo wa 2016 ndio ulionipa hasira ya kwanza isiyopoa. Tulikuwa na chaguo namba 2, yaani haki ya kuchagua wa pili katika drafti, tukaliuza kwa Philadelphia, wao wakamchukua kwotabeki Carson Wentz. Mwaka uliofuata tulikuwa na namba 12, tukaiuza kwa Houston, wao wakamchukua Deshaun Watson, na namba mbili kabla ya hapo Kansas City walikuwa wamepanda ngazi kumchukua Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa wa ligi. Sisi tulikuwa tunakusanya machaguo ya miaka ijayo kama mtu anayeweka mbegu ghalani huku watoto wanalala njaa. Kwotabeki tuliyemchukua mwaka 2017 alikuwa DeShone Kizer, wa raundi ya pili, namba 52. Alikuwa na miaka 21. Akatumbukizwa uwanjani mechi ya kwanza, akaanza mechi 15, akapoteza zote 15, na pasi zake 22 zikanaswa na wapinzani. Timu ilimaliza bila ushindi hata mmoja katika mechi 16. Machi iliyofuata akauzwa. Mahomes mwaka uleule alikaa benchi nyuma ya Alex Smith, akacheza mechi moja tu ya mwisho. Green Bay walimweka Aaron Rodgers benchi miaka mitatu, na baadaye wakamfanyia Jordan Love vilevile. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini sisi tumeongeza ubaya: tunachagua jembe, tunalipiga juu ya mwamba, kisha tunalilaumu jembe kwa kupinda.

Sasa nifike kwa Baker Mayfield, na hapa sitapita haraka.

Usiku wa Septemba 20, 2018, nilitoka kazini zamu ya mchana nikaendesha moja kwa moja hadi nyumbani bila kuwasha redio, kwa sababu sikutaka kusikia tumefungwa tena. Nilikuta robo ya pili ya mechi imekaribia mwisho, New York Jets wanaongoza 14–0, na kwotabeki aliyeanza ameumia. Akaingia kijana aliyechaguliwa namba 1 miezi mitano nyuma. Mpira wake ulitoka mkononi mapema, kabla mtu hajamfikia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona wachezaji wetu wanakimbia wakiwa na hakika kwamba pasi itawakuta. Tulishinda 21–17. Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza tangu Desemba 2016, na majokofu ya bia yaliyokuwa yamefungwa minyororo mitaani yakisubiri siku hiyo yalifunguliwa. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Wiki ile nilimnunulia jezi namba 6 ya Mayfield, kubwa kidogo ili aikulie, kwa sababu niliamini itamfaa kwa miaka mingi.

Kijana huyo alipewa nini na uongozi? Makocha wakuu wanne katika misimu mitatu. Hue Jackson alifukuzwa Oktoba 2018, Gregg Williams akashikilia hadi mwisho wa msimu, Freddie Kitchens akapewa mwaka 2019 na kufukuzwa, ndipo akaja Kevin Stefanski mwaka 2020. Kila kocha huja na kitabu chake cha mipango, na maneno yanayotumika kuita mchezo uleule hubadilika, hivyo kijana analazimika kuanza upya kujifunza lugha huku wenzake wa umri wake wanaendelea kusoma. Pamoja na hayo, msimu wa 2020 alishinda mechi 11 na kutupeleka Pittsburgh kwenye mtoano, tukawafunga 48–37 kwao. Mwaka uliofuata aliumia bega la kushoto katika mechi ya pili, akaendelea kucheza akiwa amelifunga msimu karibu wote, timu ikamaliza na ushindi 8. Kwa mwaka huo mmoja wa kucheza na jeraha, wakaamua kwamba Mayfield hatufai.

Leo yuko Tampa Bay. Mwaka 2024 alirusha pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga. Jezi ya mwanangu imebana mabegani na amekataa kuigawa.

Walichokifanya Machi 2022 kumpata mtu wa kuchukua nafasi yake ndicho kinachonifanya niandike kwa hasira hii. Walimfuata Deshaun Watson, yuleyule ambaye namba yake tuliiuza mwaka 2017. Walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, ya 2022, 2023 na 2024, na mengine ya chini, kisha wakampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, kila senti ikiwa imehakikishwa. Wakati huo zaidi ya wanawake 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai kuhusu mwenendo wake katika vyumba vya masaji. Baraza la wananchi linaloamua kama mtu ashtakiwe (grand jury) halikumfungulia mashtaka ya jinai, lakini ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza dola milioni 5. Nina mke, nina dada, nina binti. Nilisoma habari ile mezani asubuhi nikashindwa kuwaeleza kwa nini timu yetu, kati ya wachezaji wote duniani, imemwekea huyo fedha nyingi kiasi hicho.

Hata anayetaka kuweka hayo pembeni na kuhesabu mpira peke yake, hesabu haimsaidii. Katika misimu mitatu ya kwanza Watson alicheza mechi 19 kati ya 51. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa kijana wa drafti unapangwa kwa kiwango maalumu kwa miaka minne, na ndiyo sababu timu zenye akili humtafuta kwotabeki mchanga: fedha inayobaki chini ya ukomo wa mishahara wanaitumia kumjengea ukuta wa wachezaji wa kumkinga mbele yake. Sisi tumefanya kinyume chake. Kila mwaka sehemu ya mshahara wa Watson imegeuzwa bonasi na kusukumwa mbele, hivyo deni limetembea nasi hadi leo. Na machaguo yetu? Houston walitumia namba 12 yetu ya 2023 kama sehemu ya malipo ya kumpata mlinzi Will Anderson, na Januari 2024 huyo Anderson na wenzake wakatutoa kwenye mtoano kwa 45–14.

Nilikuwa uwanjani Oktoba 20, 2024, tulipocheza na Cincinnati. Watson alikimbia na mpira katikati, akaanguka bila kuguswa na mtu, akabaki chini. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika. Mbele yangu mwanamume mmoja alisimama akapiga makofi, na nyuma yangu pia nikasikia watu wanashangilia. Nilikaa kimya nimeshika magoti yangu. Simpendi mchezaji yule, lakini sikulelewa kufurahia mtu kuumia, na nilijisikia aibu kwamba uongozi wetu umetufikisha mahali ambapo watu wazima, walioleta watoto wao, wanapigia makofi jeraha.

Mmiliki Jimmy Haslam alikiri hadharani Machi 2025 kwamba walicheza karata kubwa kwa Watson wakakosa. Ni vizuri amekiri. Lakini mwezi mmoja baadaye, katika drafti, walimchukua Dillon Gabriel raundi ya tatu, na siku iliyofuata wakamchukua Shedeur Sanders raundi ya tano. Makwotabeki wawili katika drafti moja, juu ya Joe Flacco mwenye miaka 40 na Kenny Pickett waliyemleta kabla. Aliyeamini kijana wake hamchukui mwingine kesho yake. Matokeo yake mazoezi ya kiangazi yaligawanywa vipande vinne, Flacco akaanza msimu, Oktoba akapewa Gabriel huku Flacco akiuzwa kwa Cincinnati, timu ya kundi letu wenyewe, na Novemba Gabriel akaumia akaingia Sanders, ambaye wiki iliyofuata ndiyo kwanza alipewa mazoezi kamili na kikosi cha kwanza. Alishinda Las Vegas 24–10 katika mechi yake ya kwanza kuanza, mitandao ikalipuka, na mimi nikakumbuka usiku wa Septemba 2018 nikaogopa kwa ajili yake.

Najua watakuja wa kunikumbusha kwamba meneja mkuu Andrew Berry ametupa misimu miwili ya ushindi 11, na kwamba Stefanski alikuwa kocha bora wa ligi mwaka 2020 na 2023. Nakubali, na siwanyimi haki yao. Lakini mwaka 2023 ushindi ule ulikuja huku makwotabeki wanne wakipokezana pamoja na Watson, na mwishoni Flacco akaokotwa kutoka nyumbani kwake. Timu inayoweza kushinda hivyo ina wachezaji. Inakosa subira ya mtu mmoja tu.

Kwa hiyo swali langu kwa anayetaka kuutetea uongozi ni hili, na naomba ajibu kwa mwaka na jina, bila kunitumia video za mabao: ni kwotabeki yupi, tangu 1999, tuliyemchagua kwenye drafti akapata misimu mitatu mfululizo chini ya kocha mkuu mmoja na mratibu mmoja wa mashambulizi, akiwa na ukuta uliokamilika mbele yake? Akipatikana mmoja, nitaufuta uzi huu mwenyewe.